Mashamba Kwanza, Msitu Baadaye: Kwa Gari Kutoka Bukoba hadi Volkano za Rwanda

Watalii wengi wanaokwenda kuwaona gorila wa milimani nchini Rwanda hushuka Kigali kwa ndege, wakalala hotelini, na asubuhi wakapelekwa kwa gari mpaka chini ya milima, mwendo wa saa mbili hivi. Wakirudi kwao husimulia msitu. Mimi nilikwenda kwa gari langu kutoka Bukoba. Nilipita kusini mwa Uganda, nikavuka mpaka wa Cyanika chini ya mlima Muhabura, nikaingia Rwanda kwa mlango wa nyuma. Nikiulizwa habari za safari ile, naanza na mashamba. Naamini kwa dhati kwamba asiyeyapitia mashamba yale bado hajaielewa Hifadhi ya Taifa ya Volkano, hata kama amekaa saa nzima mbele ya gorila.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Volkano za Virunga nimezichora ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka, mbele ya wanafunzi ambao hawajawahi kuziona, nami nikiwa sijaziona vilevile. Safari hii niliipanga na binti wa kaka yangu, aliyemaliza chuo. Niliendesha mimi, yeye akashika ramani, fedha na nyaraka.

Njia yenyewe

Kutoka Bukoba kwenda Rwanda kuna njia fupi, ile ya kushuka hadi Rusumo na kuingia Kigali. Sisi tuliizunguka kwa makusudi. Tulipanda hadi Mutukula, tukaingia Uganda, tukapita Kyotera na Masaka, tukageuka magharibi kuelekea Mbarara, kisha Ntungamo, Kabale, Kisoro na hatimaye Cyanika. Ni yapata kilomita 550 mpaka mji wa Musanze, ambao wazee bado wanauita Ruhengeri. Barabara yote ina lami.

Anayetaka kuifuata njia hii atengeneze nyaraka mapema. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Gari linahitaji kadi yake, na kama si lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Bima ya ndani haivuki mpaka. Unakata ile ya COMESA ambayo madereva wa malori huiita kadi ya njano, nayo inatambulika Uganda na Rwanda. Mutukula ni kituo cha pamoja, kwa hiyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, na forodha wanaliandikia gari lako kibali cha muda.

Masaka hadi Mbarara ni nchi ya mwinuko mpole, ya migomba na ng'ombe wa Ankole wenye pembe zilizopanda juu kama matawi. Hapo Mhaya hajioni mgeni. Kinyankole na Kikiga ni ndugu wa karibu wa Kihaya, na sokoni Ntungamo tulipatana bei ya ndizi za kuchoma kwa lugha ya nyumbani, muuzaji akijibu kwa yake, bila mmoja wetu kumwomba mwenzake arudie.

Nchi inaposimama wima

Baada ya Ntungamo, ardhi inabadilika. Vilima vinasogeleana, mabonde yanakuwa membamba, na hewa inapoa mpaka unafunga kioo cha gari. Kabale iko kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati sisi tulitoka Bukoba penye mita 1,150. Ndizi zinapungua, na mahali pake panashikwa na mtama, maharage, kabichi na viazi mviringo.

Kilichonishangaza zaidi ni matuta. Kila kilima kimekatwa ngazi za kulimia kutoka bondeni hadi kileleni, na kila ngazi imegawanywa vipande, hiki kimepandwa, kile kimelimwa, kingine kimepumzishwa. Vipande vingine havizidi ukubwa wa chumba cha darasa. Darasani tunaliita jambo hili mgawanyiko wa ardhi kwa urithi: baba anawagawia wana, wana nao wanawagawia wao, mpaka mtu mmoja anakuwa na vijishamba vitano kwenye vilima vitano. Pale Kabale hakuna haja ya kueleza. Unatazama tu dirishani.

Mpwa wangu aliniuliza swali ambalo sikuliacha tena mpaka mwisho wa safari: "Shangazi, hawa watu wamelima kila mahali. Huo msitu wa gorila umebaki wapi?"

Kutoka Kabale hadi Kisoro hazifiki kilomita 80, lakini ni kona juu ya kona. Unapanda kwa gia ndogo, unapita ukingoni mwa msitu wa Echuya wenye mianzi na ukungu, unashuka, unapanda tena. Mtu asiendeshe usiku, na asishuke kwa breki peke yake. Gia ndiyo ya kulishika gari. Kisha unafika mahali panapoitwa Kanaba, barabara inapoupita mgongo wa mlima, na mbele yako panatokea volkano tatu kwa pamoja.

Kushoto ni Muhabura, pia ya umbo safi yenye mita 4,127. Katikati ni Gahinga, mfupi wao, mita 3,474. Kulia ni Sabinyo, mzee aliyemomonyoka akabaki na vilele vilivyokatika kama meno. Tuliegesha gari pembeni, nikamfundisha mpwa wangu palepale somo nililozoea kulifundisha kwa chaki. Virunga ni volkano nane zilizoota ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Mbili kati yake, Nyiragongo na Nyamuragira, ziko Kongo na bado zina moto. Nyiragongo ililipuka mwaka 2021 na lava yake ikafika kingoni mwa mji wa Goma. Sita zilizobaki zimetulia. Zamani za kale lava ya milima hii ilibadilisha njia za maji ya eneo zima. Ziwa Kivu, ambalo maji yake yalikuwa yakitoka kwenda kaskazini, lilizibwa, na leo linamwagika kusini kupitia mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika.

Mawe meusi ya Kisoro

Ukishuka Kanaba unaingia tambarare ya Kisoro, na udongo unageuka mweusi. Kila shamba lina marundo ya mawe ya volkano pembeni, mengine yamepangwa kuwa kuta. Tulimsalimia mzee aliyekuwa akivuna viazi karibu na barabara. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alijifunza akifanya biashara mpakani. Nilimuuliza mawe yale yanatoka wapi. "Humuhumu shambani, mama," alijibu. "Kila ukilima yanatoka mengine. Lakini usiyalaumu. Udongo huu unazaa mara mbili kwa mwaka bila mbolea ya dukani."

Akatueleza pia shida ya pale: maji. Jiwe la volkano lina matundu, mvua inapenya na kupotea chini, na vijito ni vichache ingawa mvua ni nyingi. Kwa miaka mingi watu walipanda msituni si kuwinda tu, bali kuteka maji, kukata mianzi na kuokota kuni. Anayewaona kama wavamizi wa hifadhi na aanze kwa kuwauliza walikuwa wanakunywa nini.

Mpaka wa Uganda na Rwanda ulipita kwenye vilele hivi kwa uamuzi wa Wazungu. Mwaka 1910, Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikubaliana mjini Brussels wapi nchi ya nani iishie, na Bufumbira, yaani Kisoro ya leo, ikaenda kwa Waingereza, ingawa watu wake wanazungumza lugha moja na Wanyarwanda na walikuwa chini ya himaya ya Rwanda. Kilele cha Sabinyo kikawa mahali zinapokutana nchi tatu: Uganda, Rwanda na Kongo. Wakati ule Bukoba yetu na Rwanda zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Mwaka 1902 ofisa wa koloni hilo, Kapteni Robert von Beringe, akipanda Sabinyo, aliwapiga risasi gorila wawili. Mzoga mmoja ulipelekwa Ujerumani, na wanasayansi wakampa gorila wa milimani jina la kitaalamu linalotokana na jina la aliyemuua.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliichukua Rwanda. Mwaka 1925 walitenga milima hii kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika. Naye Dian Fossey, Mmarekani ambaye maisha yake yamefungamana na gorila hawa, alipita Kisoro akikimbia machafuko ya Kongo mwaka 1967, akavuka hadi Rwanda, na Septemba mwaka huohuo akaanzisha kituo cha utafiti cha Karisoke kati ya Karisimbi na Bisoke. Aliuawa kambini kwake Desemba 1985.

Cyanika: kulia, si kushoto

Kutoka Kisoro hadi Cyanika ni mwendo mfupi, Muhabura akiwa amekujaa mbele ya kioo. Mpaka ni mdogo. Akina mama wanavuka na mabeseni ya mboga, vijana na baiskeli zenye magunia. Ofisa wa uhamiaji upande wa Rwanda alitusalimia kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni moja ya lugha rasmi za nchi hiyo.

Mambo matatu yanabadilika kwa mara moja. Saa inarudi nyuma: saa nne Uganda ni saa tatu Rwanda. Mifuko ya plastiki haivuki, kwani imepigwa marufuku tangu 2008. Ulichofunga kwenye mfuko wa nailoni ukihamishie kwenye kikapu. La tatu ndilo kubwa kwa dereva: unahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara. Gari letu lina usukani kulia, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja. Tulikubaliana na mpwa wangu kwamba yeye aliye kushoto ndiye macho yangu. Hakuna kulipita gari lolote mpaka aseme, "Njia nyeupe, Shangazi." Kamera za mwendo ni nyingi na polisi hawana mzaha na kasi, kwa hiyo haraka unaiacha Uganda.

Kutoka Cyanika hadi Musanze ni kama kilomita 25 za lami nzuri. Kulia kuna volkano. Kushoto, hapa na pale, linaonekana Ziwa Burera, ambalo pamoja na mwenzake Ruhondo lilizaliwa lava ilipoziba bonde. Na katikati, mashamba. Mashamba bila kukoma, nyumba ikipakana na nyumba, watoto wa shule wamejaa kando ya barabara. Hapa ni kati ya sehemu za mashambani zenye watu wengi kuliko zote Afrika.

Ukuta wa mawe

Musanze tulilala. Asubuhi, kabla jua halijapanda, tulikwenda Kinigi, yalipo makao makuu ya hifadhi, kilomita 12 hivi kutoka mjini. Kinigi ni jina linalojulikana Rwanda nzima kwa viazi vyake. Zao lingine ni pareto, maua meupe yenye sumu ya kuua wadudu, na pareto ndiyo iliyoula msitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo kubwa la hifadhi lilikatwa likagawiwa wakulima walime zao hilo la biashara. Hifadhi iliyobaki upande wa Rwanda ni kilomita za mraba 160 tu, ukanda mwembamba uliopandishwa mgongoni mwa volkano tano: Karisimbi wenye mita 4,507, Bisoke, Sabinyo, Gahinga na Muhabura.

Saa moja asubuhi wageni wanagawanywa makundi ya watu wasiozidi wanane. Kila kundi lina familia yake ya gorila na waongozaji wake. Mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi, wala mwenye mafua. Gorila ni jamaa wa karibu wa binadamu, na ugonjwa wa kifua unaotupitia sisi kwa siku chache unaweza kumuua yeye. Kwa hiyo unavaa barakoa na kukaa mbali hatua kadhaa. Bustani za wanyama za duniani hazina gorila wa milimani. Akiisha huku, ameisha.

Tulichukua mpagazi, na kila mgeni namsihi achukue. Si kwa ajili ya mzigo tu. Wapagazi hutoka vijiji vya jirani, na wamo waliokuwa wawindaji haramu. Wetu alitupitisha katikati ya viazi na pareto kwa muda mrefu, akisalimiana na kila aliyeshika jembe. Kisha tukafika ukutani.

Ni ukuta wa mawe meusi ya volkano, yaleyale ya Kisoro, umepangwa kwa mikono kuzunguka mpaka wa hifadhi kwa zaidi ya kilomita 70, ili nyati wasishuke mashambani. Upande huu, viazi vimepandwa mpaka jiwe la mwisho. Upande ule, msitu unaanza papo hapo. Hakuna nafasi kati ya jembe na mti. Hapo ndipo swali la mpwa wangu lilipopata jibu: msitu umebaki pale watu walipokubali kusimama.

Juu ya ukuta ni mianzi, matope na majani yanayowasha hata kupitia suruali. Baada ya kupanda sana, mwongozaji alikoroma kwa sauti nzito ya kooni, kuwaambia gorila kwamba tunakuja kwa amani. Dume mkubwa mwenye mgongo wa rangi ya fedha alikuwa amekaa akimenya shina, mwili wa kilo zaidi ya 150, vidole vyake vikifanya kazi kwa utulivu wa fundi. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto. Wawili wadogo walipigana mieleka mpaka wakaanguka karibu na miguu yetu, na mwongozaji akaturudisha nyuma. Saa moja ikaisha, tukaondolewa bila majadiliano. Sheria ile naiheshimu. Wanyama wale wana siku yao ya kuishi, na sisi tumepewa kipande chake kidogo.

Nani anailipia hifadhi?

Mwaka 1981 gorila wa Virunga, ukijumlisha nchi zote tatu, walihesabiwa 254. Hesabu iliyofanywa 2015 na 2016 iliwapata 604. Pamoja na wale wa msitu wa Bwindi nchini Uganda walifikia 1,063, na mwaka 2018 wakaondolewa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa, wakawekwa daraja moja chini. Hayo yametokea katika eneo lililopitiwa na vita na mauaji ya kimbari ya 1994. Askari wa hifadhi na madaktari wa wanyama wanastahili heshima kubwa.

Lakini fedha nazo zina sehemu yake. Mgeni wa kawaida hulipa dola 1,500 za Marekani kwa saa ile moja tangu 2017. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa nafuu kubwa, na ni vizuri kuulizia bei na kukata kibali mapema kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Kuanzia 2005 asilimia 5 ya mapato ya hifadhi ilitengwa kwa vijiji vinavyoizunguka, na 2017 ikapandishwa hadi 10. Imejenga madarasa, zahanati na matangi ya maji, na ile ya maji ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu inaondoa sababu ya mama kuruka ukuta na ndoo. Upo pia mfuko wa serikali wa kufidia mazao yanayoharibiwa na wanyama.

Si kila deni limelipwa. Wabatwa, waliokuwa wakiishi ndani ya misitu hii kabla ya jembe kufika, walitolewa. Upande wa Uganda waliondolewa Mgahinga ilipotangazwa hifadhi mwaka 1991, na wengi wamebaki bila ardhi. Sasa Rwanda ina mpango wa kuipanua hifadhi, maana gorila wanaongezeka na milima haiongezeki. Familia zitahamishwa na kujengewa makazi mapya. Mkulima wa Kinigi anaombwa arudishe kipande cha ardhi ambacho babu yake aligawiwa kwa ajili ya pareto. Nyumba bora ni jambo jema, lakini udongo kama ule haupatikani dukani, na anayehamishwa ana haki ya kusikilizwa mpaka amalize kusema.

Nimerudi na swali hilo Kagera. Mwaka 2019 mkoa wetu ulipata hifadhi mpya za taifa: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Nazo zimezungukwa na wafugaji na wakulima. Ramani tumeshachora, na mabango yamewekwa. Kinachobaki ni kile nilichokiona kwenye ukuta wa mawe: jirani wa hifadhi aione faida yake waziwazi, kwenye maji, shule na kipato, kabla hajaombwa asimame.

Kwa hiyo mwenye gari na aende kwa barabara, na shule za Kagera zipeleke wanafunzi hata kama wataishia Kisoro kuitazama milima. Usilale garini baada ya Kabale. Tazama matuta, nunua viazi kwa aliyevilima, mlipe mpagazi wako ipasavyo, na umuulize hifadhi imemfanyia nini yeye na watoto wake. Jibu lake lina uzito kuliko hesabu yoyote ya gorila, kwa sababu yeye ndiye atakayeamka kesho upande huu wa ukuta, na jembe mkononi.